Bibi, msumeno na mikorosho 36

Naliendele iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kwa barabara iendayo Newala. Huko mkorosho ni sare ya shule, ni bati la nyumba, ni nauli ya mtoto anayerudi bweni Januari, ni mchango wa msiba usiopiga hodi. Kwa hiyo neno "kukata" likitajwa kwenye kikao cha familia, watu hunyamaza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya hapo. Mtoto mkubwa wa kiume, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, alirudi siku moja kutoka kuzungumza na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, akamweleza mama yake kwamba mikorosho ya marehemu baba imezeeka na imebanana. Nusu yake ikatwe, ibaki visiki visivyofika hata kiunoni, kisha ibebeshwe upya. Mama yake alikuwa anachambua kisamvu. Akaendelea kuchambua kisamvu.

Jioni alizungumza na mkwewe, si na mwanawe.

"Mwambie mumeo, baba yake hakupanda visiki."

Shamba hilo lina mikorosho 36. Mzee aliipanda kwa mbegu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati korosho ilikuwa inapanda chati. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, na wengi wa waliozivuna walikuwa watu wa kusini. Kisha mambo yakageuka. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na mashamba mengi yakabaki mbali na nyumba. Bei ikawa haimpi mkulima sababu ya kushika jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaovamia majani machanga na maua hadi yakakauka kama yamepitiwa na moto. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka hadi tani 16,000 na ushee.

Bibi hana habari na takwimu hizo. Anachokumbuka ni kwamba majirani waliyaacha mashamba yao yakawa pori, mengine yakaungua, na yeye na mumewe wakaendelea kutembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kupalilia miti ambayo wakati huo haikuwa inawalipa kitu. Mtoto mgongoni. Huyo wa mgongoni ndiye leo amekuja na habari ya msumeno.

Vijana wengi wakipingwa na wazee kwenye mambo ya shamba hukimbilia kusema wazee hawaelewi kilimo cha kisasa. Katika nyumba hii haikuwa hivyo. Bibi alielewa vizuri sana. Alichokuwa anauliza, bila kukitamka, ni nani atakayekumbuka kazi ile kama miti yenyewe haipo.

Upande wa mwanawe nao ulikuwa na hoja nzito. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi, tena matawi yanayopata jua. Mzee alipanda miti yake hatua sita sita, wakati wataalamu siku hizi wanashauri mita 12 kati ya mti na mti. Miaka ilivyokwenda matawi yalikutana, yakafunga mwanga, na ya chini yakafa. Ukisimama katikati ya shamba mchana ulikuwa kama umeingia msikitini: baridi, giza, kimya. Pazuri kwa kupumzika, pabaya kwa kuvuna. Ilibaki kofia ya majani juu kabisa, ambako maua yalikuwa machache na dawa haifiki. Mwaka mmoja miti yote 36 ilitoa magunia manne.

Mke wa kijana ndiye anayeandika mahesabu ya nyumba kwenye daftari. Naye hakuwa upande wa mumewe moja kwa moja. Kisiki kilichobebeshwa huanza kutoa kitu cha maana mwaka wa pili au wa tatu. Mtoto wa kwanza alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni.

"Baba Salumu angekuwa amemaliza shule ningesema kata hata yote," alimtania mumewe, maana mtoto wao wanamwita baba kwa sababu amerithi jina la babu yake. "Lakini miaka mitatu unayoitaka wewe ndiyo miaka mitatu yake."

Kikao kikavunjika hapo. Wakakaa karibu mwezi mzima bila kulitaja tena.

Wakati huo huo, kwenye baraza la nyumba, binti wa pili, darasa la tano, alikuwa na mradi wake. Kwenye simu ya mama yake alikuwa ameona picha za miti ya Wajapani inayoitwa bonsai: mti mzee mwenye gome lililopasuka, shina limepinda, lakini mzima wake unaingia kwenye sinia. Alidhani ni mbegu ya aina fupi. Baba yake naye alidhani hivyo hivyo. Kumbe sivyo. Bonsai ni mti wa kawaida, ambao ukiachwa msituni ungefika juu kama mwingine wowote. Unabaki mdogo kwa sababu kuna mtu anayekata ncha za matawi yake, anapunguza mizizi yake kila baada ya muda, anaubadilishia udongo na kuumwagilia kila siku, mwaka hadi mwaka. Mtu huyo akifa, mwingine anapokea mkasi. Uko msonobari mmoja wa namna hiyo ambao ulianza kutunzwa mwaka 1625. Familia ya Yamaki ya Hiroshima ilikuwa nao uani, kilomita kama tatu kutoka bomu la atomiki lilipoangukia tarehe 6 Agosti 1945, na mti ule ukapona. Mwaka 1976 walitoa mti huo kama zawadi kwa Marekani, na mpaka leo uko Washington.

Binti alitaka wake uwe mkorosho. Alichukua korosho ghafi sita akazitumbukiza kwenye maji. Zilizoelea akazitupa, zilizozama akazipanda kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, kila moja sehemu iliyokuwa imeshikana na bibo ikitazama juu, kama alivyoona wanavyofanya kwenye kitalu. Wiki ya tatu udongo ulipasuka, mche wa kwanza ukatokeza na yale majani yake mawili ya mwanzo, mazito kama vipande vya ndizi. Miche mingine aliing'oa. Uliobaki ulipofika urefu wa shubiri na nusu, aliukata ncha kwa wembe.

Bibi alimwona.

"Mjukuu wangu, unaua mti."

"Siuui, bibi. Nauzuia usirefuke."

"Mti usiozaa, wa nini?"

Mtoto hakuwa na jibu, na kusema kweli swali lile lilikuwa la haki. Lakini siku chache baadaye, pembeni ya pale palipokatwa, yalitokeza machipukizi mawili mekundu. Aliacha yote mawili. Moja akalifunga waya wa shaba aliotoa kwenye mota mbovu, lipinde.

"Sasa unaufunga kama mbuzi," bibi alisema. Ila asubuhi iliyofuata alionekana amelisogeza kopo kutoka kwenye maji ya mchirizi wa bati.

Ingekuwa hadithi nzuri kusema kwamba machipukizi yale mawili ndiyo yaliyombadilisha bibi mawazo. Hayakumbadilisha. Bibi ameona mikorosho ikikatwa na kuchipua maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa na kopo. Kilichofungua mlango ni kwamba mkwewe aliacha kumwomba ruhusa, akamwomba orodha.

Alimfuata na daftari, akakaa naye mkekani. "Mama, mimi miti hii siijui. Nisomee. Upi unazaa, upi hauzai?"

Bibi akaanza. Ule wa kwenye njia unazaa sana lakini korosho zake ndogo. Ule wenye kichuguu hauna shida. Ile mitatu ya upande wa bondeni ni mivivu tangu mzee yu hai, maua mengi, korosho hakuna. Ule uliogawanyika shina mabibo yake ni matamu, watoto huumaliza kabla ya jua kutoka, ndiyo maana mnadhani hauzai. Alitaja yote 36 bila kwenda shambani. Ilimchukua muda wa kupika wali.

Bwana shamba alipokuja kuangalia hakushangaa sana. Shamba lililopandwa kwa mbegu liko hivyo, alieleza: kila mbegu ni mtoto wa peke yake, hafanani na mama yake wala na ndugu yake, kwa hiyo miti michache hubeba shamba na mingine hula mbolea tu. Hiyo ndiyo sababu ya kubebesha. Kikonyo unachokichukua kwenye mti bora kitazaa vile vile kama mti ule, hata ukikipachika juu ya mzizi wa mti mvivu.

Neno hilo, mzizi, bibi alilirudia mara mbili. Mzizi unabaki wa mzee?

Mzizi unabaki, alijibiwa. Mzizi na kisiki.

Makubaliano yakawa miti 10, siyo 18. Bibi ndiye aliyeichagua, na ile mitatu ya bondeni ilikuwa ya kwanza. Mti ulio karibu na kaburi la mzee usiguswe hata tawi. Kijana alitaka kubishana juu ya huo, mkewe akamkanyaga mguu.

Walikata Januari, mavuno yakiwa yameisha. Msumeno wa mashine ulikodishwa kwa siku moja. Matawi manene yaliuzwa kuni, na fedha hiyo ililipa msumeno na kubakisha kidogo. Majeraha ya visiki yalipakwa dawa, maana bungua wa mikorosho anapenda sana shina lililojeruhiwa: hutaga humo, na viwavi wake hula ndani kwa ndani hadi utomvu na unga wa mbao uanze kutoka kwenye tundu. Siku ile bibi hakwenda shambani. Alikwenda kesho yake, peke yake, na hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Mzazi unayesoma haya ukiwa na shamba la urithi, huu ndio wakati unaotakiwa kujiandaa nao kuliko wakati wowote mwingine. Visiki 10 vilivyo wazi juani vinatisha. Wapita njia husimama na kuuliza. Ndugu walio Dar es Salaam hupiga simu, wengine wakiwa wametumiwa picha na watu ambao hata hawakuwaambia wameipiga. Familia hii ilisemwa kwamba imeuza shamba.

Mvua za masika zilipokolea visiki vilianza kuvaa machipukizi, kwa makumi, pande zote. Hapo tamaa huja: kila chipukizi linaonekana ni mali. Walibakisha sita au saba kwa kila kisiki, yaliyokaa kwa nafasi, mengine wakayaondoa. Yaliyobaki yalipofika unene wa penseli, fundi wa kubebesha alikuja na vikonyo vilivyofungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Vikonyo hivyo vilikuwa vimeondolewa majani vikiwa bado mtini, wiki moja na zaidi kabla ya kukatwa, ili vichipuo vya ncha vijae nguvu. Fundi alikata chipukizi, akalipasua, akakichonga kikonyo kama kabari, akakiingiza maganda yakutane, akazungushia nailoni kwa kubana. Kazi ya kila kimoja haikuzidi dakika tano. Binti wa darasa la tano alisimama nyuma yake mchana kutwa, akarudi nyumbani akataka kupachika kikonyo cha mwembe kwenye kopo lake. Akaambiwa koo hizo haziingiliani kirahisi namna hiyo, asubiri.

Si vyote vilishika. Karibu theluthi vilikauka. Kisiki kimoja cha bondeni hakikuchipua kabisa, kingine kiliingiliwa na bungua na kufa kabla ya mwaka kuisha. Kwa hivyo ni miti minane. Kwenye daftari mama aliandika minane bila maelezo.

Kazi iliyofuata haina sifa wala picha ya kutuma kwa ndugu: kuondoa machipukizi ya asili yanayotoka chini ya kiungo. Hayo ndiyo yenye nguvu kuliko kikonyo, maana yako kwao. Yakiachwa miezi miwili yananyonya kila kitu, na kikonyo cha gharama kinakufa kimya kimya huku mti ukionekana una majani mengi. Ilibidi mtu apite kila wiki. Mtu huyo akawa bibi, na kisu chake cha kuchonga miwa. Hakuna aliyempangia.

Kilichoziba pengo la ada ni kitu ambacho hakikuwamo kwenye hesabu za kwanza. Miti ilipoondoka, jua lilishuka ardhini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na kati ya visiki wakapanda karanga. Mwaka wa pili wakaongeza ufuta. Hazikutosha kila kitu. Mama aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Lakini mtoto hakukosa muhula.

Miti 26 iliyosalia nayo ilipogolewa, kwa kiasi: matawi yaliyokufa, yanayolala chini, yanayopandana. Kupogolea mkorosho ni kazi ya Januari hadi mvua zinapokaza, mti ukiwa umemaliza kuzaa na haujaanza kuchipua majani ya maua. Baada ya mvua, palizi. Juni kipupwe kinapoingia na umande kuwa mzito alfajiri, ndipo ubwiriunga unapoamka, na kijiji kizima kinanuka salfa. Unga huo hupulizwa alfajiri na mapema, upepo haujaanza, majani bado yana umande wa kuukamata. Familia hii imeweka sheria: anayepuliza hufunika pua na macho, nguo zake hazifuliwi pamoja na za watoto, na watoto hawaendi shambani siku hiyo hata kama shule imefungwa. Wapo wazazi wanaowabebesha watoto mifuko ya salfa kwa kuwa "wamezoea". Mapafu hayazoei.

Agosti na Septemba ni maua, na mbu wa mikorosho ambaye hufyonza vichomozo vichanga vikawa vyeusi. Halafu korosho hutangulia: hukua kwanza hadi ukubwa wake kamili, kijani, imening'inia peke yake, ndipo bibo huvimba juu yake. Watoto wa Mtwara wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kuanzia Oktoba zinaanguka zenyewe. Korosho haitunguliwi, huokotwa, ndiyo maana chini ya mti hufagiliwa kama uwanja wa nyumba. Huokotwa, hunyongolewa kutoka kwenye bibo, huanikwa juani siku mbili tatu hadi ukizitikisa ziite, hujazwa kwenye magunia ya juti na kupelekwa chama cha msingi, kisha watu hukaa kusikiliza mnada. Bei nayo ina misimu yake. Kila mtu kusini anakumbuka mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnadani hadi serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kusomba.

Mwaka wa pili baada ya kukata, miti mitatu kati ya ile minane ilitoa maua. Mwaka wa tatu yote. Matawi yake yalikuwa chini, mtu mzima anafikia kwa mkono, na bibi, ambaye miguu yake haimpeleki tena mbali, aliokota chini ya miti hiyo peke yake, akitandika kanga na kuhama nayo. Magunia ya mwaka huo yalikuwa saba. Alikuwa ameyahesabu kabla ya daftari.

Mkorosho wa kopo nao ulipitia yake. Mzizi mkuu wa mkorosho una haraka na haupendi kusumbuliwa. Ndiyo maana miche ya viriba hupelekwa shambani mapema, kabla mzizi haujatoboa plastiki na kuingia ardhini. Binti alichelewa. Kopo lilipoinuliwa mzizi ulikuwa umeshapita kwenye tundu na kuzama barazani, ukakatika kwa sauti. Majani yakaanguka yote. Alilia, akataka kuutupa. Baba yake alimsaidia kuupunguza matawi ili mizizi iliyobaki isizidiwe, wakauweka kivulini chini ya mwembe, maji kidogo asubuhi na jioni. Ulikaa wiki tano ukiwa fimbo. Sasa una urefu wa dhiraa moja, shina limepinda upande wa waya ulipokuwa, na uko juu ya tofali ili mzizi usipate pa kutorokea. Binti yuko kidato cha kwanza, bweni. Bibi ndiye anayeumwagilia, na bado anauliza ni wa nini.

Januari hii wamepanga kukata miti mitano mingine. Mkwewe alikaa tena na daftari mkekani. Bibi ametaja minne. Wa tano, anasema, waache kwanza aufikirie.